UFA KATIKA UKUTA WA KIBLA



Katika toleo hili Maalim wetu ametupa nafasi ya kuandika juu ya jambo lililotushughulisha sana hapa Chiwata, nalo ni habari ya msikiti wetu wa zamani: jinsi ulivyokaribia kubomolewa, na sehemu yetu wenyewe katika jambo hilo. Sisi tunaoandika ni wale wanne mnaotuita walimu wadogo. Tulianza alifu katika baraza ile ile mnayokaa ninyi, na sasa tunawasomesha ninyi. Tumekubaliana kuandika yote, hata yanayotutia aibu, kwa sababu kisa kilichofichwa nusu hakina faida kwa anayekisoma.

MSIKITI WENYEWE

Wengi wenu mmezaliwa mkaukuta msikiti ule umesimama, na kitu ambacho mtu amekikuta hudhani kimekuwepo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Chiwata yetu ipo pembezoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Masasi. Zamani wazee wetu, Wayao, Wamakua na Wamakonde, hawakukaa kwa mistari kama tunavyokaa leo. Kila ukoo ulikuwa na makazi yake, nyumba chache zikiuzunguka uwanja, na mashamba yakianzia nyuma ya jiko. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Ndiyo ile inayoitwa Operesheni Vijiji. Watu walipimiwa viwanja, nyumba zikapangwa mstari mmoja mmoja, na njia zikanyooshwa.

Hapana shaka yapo mema yaliyopatikana, maana shule ilisogea karibu na mgonjwa hakubebwa tena mbali kama zamani. Lakini watu waliacha nyuma miembe yao, makaburi ya wazazi wao na misikiti yao midogo. Babu yetu muadhini, ambaye wakati huo alikuwa kijana, anasimulia kwamba baada ya kila mtu kuonyeshwa kiwanja chake, swali la kwanza la wazee lilikuwa moja tu: tutaswali wapi? Wakarudi makazi ya zamani, wakaung'oa mlango wa mninga wa msikiti wao, wakauchukua mabegani mpaka hapa. Msikiti huu mnaouona ulijengwa kuufuata mlango ule. Kwa hiyo mlango ni mkubwa kwa umri kuliko kuta zake, na ni mkubwa kwa umri kuliko kijiji chenyewe.

Kuta zilijengwa kwa namna ambayo kila mtu wa hapa aliijua. Walisimamisha nguzo za miti migumu ambayo mchwa huichelewa, wakapitisha fito za mianzi ndani na nje, wakafunga kwa kamba za magome, wakajaza udongo katikati, kisha wakakandika. Wanaume walikata miti. Akina mama walichota maji, wakakanyaga udongo na kusiliba sakafu. Paa lilikuwa la nyasi, nalo lilishuka chini sana hata mtu mrefu akainama kuingia. Kushuka huko hakukuwa ushamba. Paa liliifunika baraza pande tatu na kuuzuia mvua ukuta. Jua la Oktoba likiwa kali kabisa, ndani mlikuwa na ubaridi kama wa chini ya mwembe.

AIBU YETU

Pamoja na hayo, sisi tuliuonea haya msikiti huu. Ilikuwa hasa siku za Maulid, wageni wa Masasi mjini waliposhuka kwenye magari na kutazama kuta zetu. Miaka hiyo kijiji kilikuwa kinabadilika haraka. Kiwanda kikubwa cha saruji kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015, na msimu wa korosho wa 2017/2018 bei mnadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye mikorosho mizuri aliweza kumaliza nyumba ya bloku kwa misimu miwili. Bati za rangi nyekundu na buluu zikaota kando ya barabara kama uyoga. Sisi tukasema, haiwezekani mwuza korosho awe na nyumba nzuri kuliko nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Basi tukachanga, tukanunua mifuko sita ya saruji, tukapiga lipu ukuta wa kibla ndani na nje, tukaupaka rangi ya kijani. Maalim alikuwa safarini. Babu muadhini alisimama akitutazama, akasema neno moja tu: "Wajukuu zangu, ukuta huu unapumua." Tukamjibu kwa adabu, "Ndiyo, Babu," lakini alipoondoka tukacheka. Ukuta unapumua! Tulidhani ni maneno ya uzee.

Mvua za msimu wa kwanza zilipita salama. Baada ya mvua za msimu wa pili ukatokea ufa, ukaanzia chini pembeni mwa mihrabu, ukapanda mpaka juu. Unene wake ulikuwa wa kalamu. Kufikia Aprili mtoto aliweza kuingiza vidole. Ijumaa moja, khutba ikiendelea, kipande cha lipu kikubwa kama sinia kilidondoka nyuma ya imamu. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Tangu siku ile safu ya kwanza ikawa inarudishwa nyuma hatua mbili, na akina mama wakakataza watoto wadogo kukaa upande ule.

RAMANI

Habari za ufa zikamfikia mfadhili mmoja kwa njia ya mtu wa kati. Akajitolea kujenga msikiti mpya. Ramani ikaletwa imekunjwa ndani ya bomba la plastiki, nasi tukaifungua juu ya mkeka. Ilikuwa nzuri machoni: kuta za bloku, madirisha ya alumini, kuba katikati na minara miwili mbele. Masharti yalikuwa mawili. Jengo lijengwe kama lilivyochorwa bila kubadilishwa, na lisimame mahali pale pale pa msikiti wa zamani, yaani wa zamani ubomolewe kwanza. Jibu lilitakiwa kabla ya Ramadhani.

Sisi wanne tulikuwa wa kwanza kusema tukubali. Kwani nani anakataa neema? Maalim hakubisha. Alisema tu kwamba kabla ya kujibu tungekwenda naye Mikindani katika Maulid, na njiani tufumbue macho tuone watu wengine wamefanya nini na majumba yao.

SAFARI YA MIKINDANI

Ndugu msomaji, kama hujafika Mikindani, ni mji mdogo wa kale ukingoni mwa ghuba, karibu na Mtwara. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia hapo akielekea bara. Wajerumani walijenga boma lao juu ya kilima mwaka 1895. Mji ulikuwa na majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi na njia nyembamba za kupita watu wawili wakipishana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara, na mji mpya wenye barabara pana ukapimwa huko. Mradi wa karanga ulianguka mwaka 1951, lakini bandari ilibaki, na biashara ya Mikindani ikahamia kwa jirani. Mji usipokuwa na biashara hauna pesa ya chokaa. Majumba yakaanza kuanguka moja moja.

Tulipanda kwanza bomani. Lilikuwa gofu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalitengeneza kwa chokaa na mafundi wa hapo hapo, likawa hoteli. Limependeza. Lakini mmoja wetu akauliza swali ambalo hatukulijibu siku ile: mbona nyumba ya mtawala imepata mtu wa kuitengeneza, na nyumba za wenyeji zilizo chini yake zinabomoka?

Chini mjini tulikaribishwa maji na mama mmoja kwenye baraza ya nyumba ya ukoo wao. Tukasifu mlango wake. Akatuambia, "Wanangu, ninyi mnaona mlango, mimi naona paa linalovuja." Nyumba ina warithi wengi, wengine wako Dar es Salaam, wengine hawajulikani walipo, na hakuna anayetaka kutoa pesa kwa nyumba ambayo si yake peke yake. Kisha akatuonyesha ukuta wa pembeni. Walikuwa wameupiga lipu ya saruji ili kuuokoa, na lipu ile imebanduka na mawe yake, ikaacha shimo.

Fundi mwashi aliyekuwa jirani akatufafanulia. Ukuta wa mawe na chokaa, kama ulivyo ukuta wa udongo, hunywa unyevu na kuutoa. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kwa mvua, halafu jua na upepo huyatoa nje. Saruji ni ngumu na imefumba. Ukiipaka juu ya ukuta laini, maji yanaingia kwenye nyufa ndogo na kwenye msingi, lakini hayapati pa kutokea. Ukuta unaoza ndani, nje unaonekana mzima. Mpaka siku lipu inapoanguka na kuchukua ukuta pamoja nayo.

Tukatazamana sisi wanne. Hakuna aliyesema kitu. Maneno ya Babu yalikuwa ni hayo hayo, isipokuwa Babu aliyasema kwa maneno mawili.

SOMO LA MAALIM

Usiku ule, baada ya Maulid, Maalim alikaa nasi ufukweni akatupa darasa ambalo tungependa ninyi pia mlipate, maana wengi wetu tulikuwa tunajua majina bila kujua maana yake.

Alianza na Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ile ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Karne ya 14, siku za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa, watu walikuwa wameongezeka na nafasi haikutosha. Wakajenga ukumbi mpya upande wa kusini, wenye matao na kuba, wakauunganisha na ule wa zamani. Zaidi ya miaka 600 imepita, na mtu akienda leo anaziona zote mbili. Kwa hiyo, akasema Maalim, msiseme kuba ni kitu kigeni kwetu. Kuba ilikuwepo pwani hii kabla ya Mreno kuivamia Kilwa mwaka 1505. Mnara ndio uliokuwa nadra: misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa nao, na watu wakitajiwa minara ya zamani hutaja michache, kama ule wa Shela huko Lamu wa mwaka 1829 na ule wa Malindi mjini Zanzibar.

Kisha akataja safari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Msafiri yule alikuwa ameiona Makka, Dameski na Misri, na bado aliisifu Kilwa kuwa katika miji mizuri. Lakini alipoeleza nyumba zake alitaja miti, na paa za majani. Majumba ya mawe yalikuwepo siku hizo hizo, na magofu yake yapo hadi leo, lakini ni wazi kwamba watu wengi walikaa katika nyumba za miti na nyasi, na mgeni hakuona kwamba hilo linaondoa uzuri wa mji. "Sisi ndio tuliojifunza kuona aibu," akasema Maalim, "na tumejifunza juzi tu."

Mmoja wetu, akitaka kujitetea, akauliza: "Maalim, je, si kweli kwamba msikiti ni bora uwe imara?" Akajibu kuwa ni kweli. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, nguzo zake vigogo vya mitende na paa lake makuti ya mtende. Sayyidna Umar alipoupanua alitumia vitu vile vile. Sayyidna Uthman alipoupanua alitumia mawe yaliyochongwa, chokaa, na mbao za msaji kwa paa. Wote ni masahaba. Kwa mantiki hiyo udongo si ibada, na jiwe si dhambi. Swali ni lingine: unajenga kwa nini, kwa nani, na umeangalia nini kabla ya kubomoa?

Akatutajia na miji ya mbali. Huko Djenné, nchini Mali, upo msikiti mkubwa wa udongo, jengo lake la sasa ni la mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika upya, vijana wakichanganya udongo na akina mama wakibeba maji. Na huko Erbil, mji wa Wakurdi kaskazini mwa Iraki, ipo ngome juu ya kilima, na watu wamekaa humo kwa maelfu ya miaka. Nyumba zilikuwa zinabomoka na wakazi wake wengi walikuwa maskini. Karibu na mwaka 2007 serikali ya huko iliwahamisha ili ngome itengenezwe, ikabakiza familia moja tu, isije ikasemwa kwamba mji uliokaliwa muda wote huo sasa umekuwa mtupu. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngome ile katika Urithi wa Dunia.

Habari ya familia ile moja ilitukaa moyoni. Tukajadiliana mpaka usiku mkubwa. Wengine wetu walisema bora jengo lipone, hata kama watu wametoka. Wengine wakasema nyumba bila watu ni kaburi lililopakwa chokaa. Maalim alituacha tubishane. Asubuhi tukarudi Chiwata.

KUKWANGUA LIPU

Siku ya pili yake tulikwenda kwa fundi wetu wa hapa kijijini, tukamwomba auchunguze ukuta kabla ya kikao. Alikuja na timazi na patasi. Alipobandua lipu yetu ya kijani, udongo wa nyuma ulimwagika kama uji mzito. Nguzo ya pembeni ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa chini, maana mchwa hupenda penye unyevu na giza, nasi tulikuwa tumempa vyote viwili.

Lakini fundi hakutuachia lawama yote. Alitupeleka nje akatuonyesha paa. Nyasi zilipoondolewa na kuezekwa bati, zamani kidogo kabla yetu, bati hazikutosha. Ili zitoshe, upenu ulikatwa mfupi. Tangu hapo maji ya paa lote yalikuwa yanadondokea juu ya baraza, baraza ikalika, na dimbwi likatuama kwenye mguu wa ukuta wa kibla. Kwa hiyo ufa ulikuwa na baba wawili: upenu mfupi ulioleta maji, na lipu yetu iliyoyafungia ndani. Udongo wenyewe haukuwa na kosa. Kuta nyingine tatu, ambazo hatukuzigusa, zilikuwa nzima.

Wazee wana methali yao: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeongeza kwa gharama yetu: na kabla ya kuziba, tafuta maji yanatoka wapi.

KIKAO

Kikao kilikaa baada ya swala ya Isha, barazani. Tulisimama sisi wanne tukaeleza mbele ya wazee kwamba lipu ilikuwa kazi yetu na kwamba Babu alituonya. Ilikuwa nzito. Babu alisema, "Marahaba, wajukuu zangu, yameisha," akageuza mazungumzo kwenye ramani.

Watu waligawanyika, na kila upande ulikuwa na haki yake. Mzee mmoja, mwenye heshima kubwa, alisema kwamba amechoka kusifiwa umaskini. Miaka yote ameswali mahali ambapo mchwa hudondoka shingoni, na leo Mwenyezi Mungu ameleta mtu wa kumjengea, vijana wanaleta hadithi za Kilwa. Mwingine akasema bati si anasa hapa kwetu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Bibi zetu walishuka makorongo na kupanda na mitungi kichwani. Paa la bati lenye mfereji na tangi ni kisima. Nyasi hazikupi maji ya udhu. Hayo yote ni kweli, na hatukuwa na jibu la kuyapinga.

Kisha akanyanyuka mama mmoja wa darsa la akina mama, akaomba aonyeshwe ramani. Akaitazama chini ya taa kwa muda. Akauliza, "Baraza iko wapi?" Haikuwepo. "Mlango wetu uko wapi?" Ulikuwepo, nyuma, unaingia chumba kidogo kisicho na dirisha upande wa upepo. "Na watoto watasomea wapi?" Hapakuchorwa. Akasema kwa utulivu: "Msikiti huu maji yake ya kukandikia tulibeba sisi. Watoto wetu wanasoma barazani kwa sababu baraza ipo. Aliyechora ramani hii hakutuona. Simlaumu, hakuwahi kufika. Lakini sisi tupo."

Baada ya hapo mjadala ukageuka. Haikuwa tena udongo au saruji. Ikawa: jengo liwe na nini ili liwe letu? Watu wakataja moja moja. Baraza pande tatu. Upenu mrefu. Mfereji na tangi. Matundu ya kupitisha upepo juu ya ukuta. Nafasi ya akina mama yenye hewa. Mlango wa mninga. Katibu akaandika. Ikakubaliwa barua iende kwa mfadhili, tukimshukuru sana, na tukimwomba mambo mawili: jengo jipya lisimame kwenye kiwanja kilicho wazi upande wa kusini likiungana na la zamani, na ramani iongezewe baraza na tangi. Tulikuwa tunaiwaza Kilwa, ingawa hatukuiandika.

JIBU, NA YALIYOFUATA

Jibu lilikuja kabla ya Ramadhani. Fedha ile ilikuwa ya ramani ile tu. Kwa kuwa hatukuitaka kama ilivyo, ingepelekwa kijiji kingine chenye haja. Barua ilikuwa ya heshima, haina ubaya. Hatuna neno juu ya mfadhili, na kijiji kilichopata tunakiombea kheri.

Hatutaki kuwaficha kwamba liliuma. Wapo waliosema walimu wadogo wametunyima msikiti. Yule mzee mwenye heshima hakutujibu salamu kwa miezi kadhaa, na tulipita mbele ya nyumba yake tukiwa tumeinamisha vichwa. Usiku mwingine tulijiuliza kama tumekosea mara mbili, mara ya kwanza kwa kupiga lipu, na mara ya pili kwa kusema. Hata leo hatuna cheti cha kuthibitisha kwamba tulipatia. Tunachojua ni kazi iliyofanyika.

Kiangazi kilipoingia tulibandua lipu yote. Tuliuweka ukuta kwenye miti ya kuegemeza, tukaitoa nguzo iliyooza, tukaweka mpya juu ya jiwe ili isiguse ardhi. Tulijenga mguu wa ukuta kwa mawe. Tulijaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa, tukauacha ukauke, tukakandika, mwisho tukapaka chokaa, ambayo inauacha ukuta upumue. Upenu tuliurefusha kwa bati mpya zilizonunuliwa kwa mchango wa korosho, kilo moja moja kutoka kila nyumba. Mfereji ukawekwa, na tangi la lita 5,000 pembeni. Saruji nayo tuliitumia, msije mkadhani tumeapa kutoigusa: iko kwenye kitako cha tangi na kwenye sehemu ya kutawadhia, mahali ambapo ugumu wake unafaa. Chumba cha akina mama kimeongezwa upande wa kusini kwa matofali ya kuchoma, na mlango wake unatazama baraza.

Siku ya kukandika, yule mzee alikuja. Hakusema kitu. Alivua kanzu akabaki na shuka, akachovya mkono kwenye udongo, akaonyesha vijana jinsi ya kuutupa ukutani ushike, maana walikuwa wanaubandika kama chapati. Alifanya kazi mpaka Adhuhuri. Aliponawa mikono alitusalimia yeye kwanza.

NASAHA KWENU

Ndugu zetu wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa mafundi, wengine wahandisi, wengine wafadhili In shaa Allah. Mkumbuke siku ile yule mama alipoitazama ramani chini ya taa akauliza baraza iko wapi. Mji au kijiji hutambulikana kwa mambo ambayo watu wake wanayafanya ndani ya majengo yake. Ukibomoa baraza umeondoa darasa, ukiziba mlango wa akina mama umewatoa nje ya jamaa.

Wala msidhani jambo linaloitwa urithi ni la miji mikubwa peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ilianguka likiwa linatengenezwa, na wafanyakazi wawili walifariki. Kuandikwa kwenye orodha hakuzuii maji kuingia ukutani. Anayezuia ni mtu anayepita kila siku akatazama, akaona ufa ukiwa bado wa unene wa kalamu.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya likizo. Kila mmoja aende kwa babu au bibi yake akaulize mambo matatu: nyumba ya kwanza anayoikumbuka ilijengwa kwa miti gani, mlango wake ulitazama wapi, na nani alibeba maji ya kukandikia. Andikeni kwenye daftari, mlete mwanzo wa muhula. Tutayasoma barazani, mvua ikinyesha, tukiwa hatulowi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ni sisi walimu wenu wadogo, Chiwata.